Kuiamsha Seva ya Kaka

Watu wakifiwa hulia. Waya alipofiwa na kaka yake, alitengeneza spika. Ilikuwa inakwaruza tangu asubuhi ya mazishi, msemaji akitoa neno moja yenyewe inatoa matatu, na Waya akapiga magoti nyuma ya viti na bisibisi yake mpaka ikatulia. Waombolezaji wakanong'onezana kwamba binti huyu ana moyo wa chuma. Hakuwa na moyo wa chuma wala wa bati. Alikuwa amekufa ganzi, na ganzi ukiitazama kwa mbali inafanana sana na ujasiri.

Jina la Waya alipewa na kaka huyohuyo, enzi alipokuwa mtoto wa kung'oa kwanza nyaya za redio za watu na kuuliza baadaye. Likamganda. Hata mama yao alilitumia, na jina la kwenye cheti likabaki la kujazia fomu. Sasa alikuwa fundi wa kompyuta. Alipanga chumba kimoja na fundi wa simu ambaye wateja walimwita Skrini, kwa sababu alikuwa na jibu moja kwa kila ugonjwa wa simu. Simu ikiingia maji, tatizo ni skrini. Isipokamata chaji, skrini. Waya alimpenda kwa kuwa hakuwa mtu wa maswali.

Tangu mazishi alifika kazini kabla ya Skrini na kuondoka baada yake. Akiambiwa kula, alikula. Akichekeshwa alicheka, tena mahali panapostahili. Ukimuuliza anaendeleaje anakujibu "shwari", na wala hakuwa anadanganya. Ndani yake kulikuwa shwari kweli, shwari ya nyumba iliyokatiwa umeme. Watu waliokutana naye njiani walimshika mkono wakamwambia pole, mwangalie mama. Naye alimwangalia mama.

Na kumwangalia Mama kulikuwa na utaratibu wake, kazi ya Kaka kama mambo mengine yote ya nyumba ile. Mama ana presha ya muda mrefu. Kaka alikuwa amefungua ukurasa mmoja, akauita Ukurasa wa Mama, ambao familia nzima iliuandika kwa pamoja: nani amempa dawa, saa ngapi, kipimo kimesomaje, nani anampeleka kliniki. Hakutaka habari za mama yake zikae kwenye mitambo ya kampuni asiyoijua mlango wake, kwa hiyo alitumia itifaki huria, ile ambayo mtu yeyote anaweza kusimamisha seva yake mwenyewe na seva zote zikaelewana. Yake ilikuwa kwake. Ya Waya ilikuwa kwenye korido ya nyumba anayoishi na Mama. Ya tatu ilikuwa chini ya kaunta ya Shangazi, dada wa marehemu baba yao, mwenye duka la vifaa vya shule na mashine ya kunakili. Kila mmoja na seva yake, ukurasa wa wote.

Kaka alipofariki, vyumba alivyopanga vikahamwa upesi, na seva yake ikachomolewa ukutani pamoja na jokofu na pasi. Hakuna aliyeshtuka. Nakala za ukurasa zilikuwepo kwenye seva nyingine mbili, na maisha yakaendelea. Kilichosahaulika ni kwamba mkuu wa ukurasa alikuwa Kaka, na mkuu peke yake ndiye anayeweza kumwingiza mtu mpya. Seva ya mkuu imezimwa, mlango umefungwa, na ufunguo uko kwa marehemu.

Hilo lilijulikana pale kliniki ilipomtuma muuguzi wa kuja nyumbani. Kliniki nayo ilikuwa na seva ya namna hiyohiyo, lakini muuguzi hakuweza kukaribishwa kwenye ukurasa. Asubuhi moja Shangazi alipita akampa Mama dawa, akaandika kwenye ukurasa kama kawaida, akaenda dukani. Muuguzi akaja nyuma yake, hakuona kilichoandikwa, akampa tena. Mama akaanguka mlangoni pa bafu. Waya alifikiria kufungua ukurasa mpya, lakini kliniki ikakataa nakala. Ilitaka kumbukumbu za miaka yote zenye alama ya aliyeandika na saa aliyoandika, na alama hizo haziishi nje ya ukurasa wa asili. Ikabaki njia moja: kuiamsha seva ya Kaka kwa muda na kumkabidhi mtu mwingine ukuu.

Daktari alipomruhusu Mama kutoka hospitali alisema jambo moja: huyu asishtuliwe. Shangazi akaligeuza kuwa amri ya nyumba. Picha za Kaka zikaingia kabatini, na jina lake likakoma kutajwa.

"Mwamshe, hamisha hayo madaraka, mzime," alimwambia Waya. "Weka kwako au kwangu, popote. Lakini mama yako asijue. Jina tumelitoa mlangoni, usije ukalirudisha dirishani."

"Sawa, Shangazi."

"Sawa ya kweli au ile sawa yako?"

"Sawa, Shangazi."

Alichagua saa za mchana, Mama anapojilaza na muuguzi hajafika. Diski ya seva ya Kaka ilikuwa kwenye droo ya meza ya kazi, imefungwa kwenye fulana yake ya bluu. Aliifungua, akaiunga kwenye mashine aliyoiandaa, kisha akaona feni ya mashine ina vumbi. Akaifuta kwa ile fulana. Skrini aliona akageuka upande wa pili. Waya hakuona ajabu yoyote. Kitambaa kilikuwa karibu, basi.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu ila ilitaka utulivu. Seva inajulikana kwa jina na kwa ufunguo, na ufunguo ni faili fupi la herufi zisizosomeka ambalo seva nyingine zinalikumbuka. Ukiiwasha kwa jina la zamani bila ufunguo wa zamani, yenyewe itajichongea mpya, na wenzake watasema huyu ni tapeli, wamfungie kabisa. Kwa hiyo Waya alinakili ufunguo kwanza, akaulinganisha herufi kwa herufi, akaurudia. Akaweka programu. Akaelekeza anwani. Akarudisha hifadhi ya ukurasa. Mikono yake ilijua njia na ilikwenda bila kumshirikisha. Alipobonyeza kuwasha, taa ndogo ikapepesa, na seva ya Kaka ikaanza kugonga milango ya wenzake. Ya Shangazi ikakagua ufunguo, ikafungua. Ya korido ikafungua. Kisha zote mbili zikaanza kuimwagia kila kitu kilichoandikwa tangu ichomolewe.

Sasa ndipo alipoharibu. Waya alikuwa na tabia moja ambayo kikazi ni nzuri na amewafundisha wengi. Hakuamini taa. Seva mpya aliijaribu kwa akaunti halisi, kwenye ukurasa halisi, kwa neno moja la kuuliza, maana akaunti ya bandia inaweza kukuambia mambo safi huku njia imeziba. Akaingia kwa akaunti iliyokuwa mbele yake, akafungua ukurasa, akaandika neno lake la siku zote.

Upo?

Akaegemea kiti kusubiri jibu la mtambo. Hakufikiri kwamba ile ni akaunti ya Kaka. Alijua, ndiyo, kama unavyojua nambari ya mlango, lakini hakufikiri. Mtu anayeumia asingeweza kufanya kosa hilo, kwa sababu lile jina lingemchoma kidole kabla hajagusa herufi. Waya halikumchoma. Alifikiri juu ya hifadhi na kasi ya mtandao, na wakati huo jina la kaka yake likawaka nukta ya kijani, yupo, kwenye simu ya Waya mwenyewe, kwenye duka la Shangazi, na kwenye tableti iliyo pembeni ya mto wa Mama.

Simu ikaita.

"Waya."

"Naam, Shangazi."

"Jina la kaka yako limewaka hapa. Linaniuliza kama nipo."

"Ni mimi. Nilikuwa najaribu njia."

"Unajaribu njia." Shangazi alihema. "Mimi hapa nimemmwagia mteja wino, nimekaa chini sakafuni na umri huu, na wewe unajaribu njia. Mama yako je? Ile tableti si iko kitandani kwake?"

Waya alitazama skrini ya mashine yake. Aliliona lile neno na jina lililo juu yake kama mtu aliyeonyeshwa picha ya chumba alichomo.

"Zima," alisema Shangazi.

"Siwezi, bado sijahamisha madaraka. Haiwezi kuniachia mpaka imalize kupokea yaliyoipita. Nikizima naanza upya, na jina litawaka tena."

"Basi futa hilo neno."

"Nikifuta ataliona linafutika."

Maana itifaki ile ilikuwa hivyo. Haikusubiri umalize ndipo itume. Kila herufi ilionekana kwa wote papo hapo, na ukifuta, waliopo wanaona unavyofuta. Wageni iliwatia wazimu. Familia ile iliizoea, na walijiwekea adabu kwamba mwenzako akifuta jambo, wewe hukuliona.

"Nafunga duka naenda kwake," alisema Shangazi. "Wewe usiguse kitu. Umenisikia? Hata nukta." Simu ikakatika.

Mama alikuwa peke yake nyumbani. Waya alihesabu kichwani umbali kutoka dukani, foleni ya saa hizo, na miguu ya Shangazi, na jibu lilikuwa baya. Alijua yanayoweza kutokea: Mama ameketi ghafla, damu imepanda, Mama sakafuni na hakuna mtu. Alijua hayo yote kwa mpangilio mzuri kabisa na bado hakusikia kitu, isipokuwa vidole vilikuwa vya baridi. Alijichukia kidogo kwa hilo, kisha hata ile chuki ikapita.

Nukta ya Mama ikawaka kijani.

Kishale chake kikaja chini ya lile neno kikakaa. Mama aliandika kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anayebonyeza kengele ya mlango wa watu wasiosikia. M. W. A. Herufi zilikuja moja moja mpaka likatimia, Mwanangu, halafu zikasimama. Kishale kikapepesa. Hakikusogea kwa muda ambao Waya alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha neno lote likafutwa, na Mama akaanza upya.

Najua hujafufuka. Nilikuwepo wakikuzika.

Lakini kwa kuwa umeuliza, nipo.

Waya alikaa.

Presha imeshuka, aliandika Mama. Dawa nahesabu mwenyewe sasa, hawa watu wangeniua kwa wema. Jina lako wamelificha, na picha ziko kabatini nyuma ya mashuka. Wanadhani nimesahau kwamba nilikuzaa. Nawaacha, inawasaidia.

Usinihofie mimi. Na mimi sikuhofii wewe, umeshapumzika. Namhofia mdogo wako.

Skrini alikuwa anamwambia mteja mlangoni kwamba tatizo ni skrini. Waya alisikia kila neno lake na hakulielewa hata moja.

Hajalia tangu siku ile, aliandika Mama. Nikimwambia kula anakula. Nikimwambia lala analala. Anaingia chumbani kwangu, ananifunga kile kitambaa cha presha mkononi, anakijaza upepo, anasoma, anaandika, anatoka. Yeye hakuna anayempima.

Wewe ulikuwa unajua pa kumwingilia. Mimi ni mama yake na nimezunguka nyumba nzima sijauona mlango. Niambie nifanyeje.

Kishale kikatulia. Kilikuwa kinasubiri jibu.

Shangazi alikuwa amesema hata nukta. Waya aliweka vidole kwenye kibodi, na chochote ambacho angeandika kingetoka kwa jina la Kaka. Akaandika Mama, akafuta. Akaandika Mama mimi, akafuta, akijua kwamba kule kitandani Mama anaona yote. Mwishowe akaiacha ikae.

Mama, ni Waya.

Najua ni wewe, Mama alijibu, na safari hii hakuchelewa. Kaka yako hakuwa na adabu ya kuuliza kama mtu yupo. Alikuwa anaingia tu na kuanza kusema.

Waya akauliza, kwa jina lilelile la marehemu, kwa nini basi alikuwa anamwandikia Kaka.

Kwa sababu wewe nikikuuliza unaniambia shwari.

Pembeni mwa skrini mashine ikatangaza kwamba imemaliza kupokea yote na ukurasa umekamilika. Alishukuru kwa hilo, kwa kuwa ilikuwa kazi, na kazi alijua kuifanya. Alifungua sehemu ya madaraka. Mtambo ukamletea majina ya waliomo ili achague mkuu mpya. Mpango ulikuwa kuchagua jina lake mwenyewe, au la Shangazi. Alilitazama jina lake, akalipita. Akalipita na la Shangazi. Akachagua Mama, na mtambo ulipouliza kama ana uhakika, akaujibu ndiyo.

Hiki nini kimenitokea hapa? aliandika Mama.

Ukurasa ni wako sasa. Wewe ndiye unayefungua mlango.

Siku zote ulikuwa wa nani?

Wa Kaka.

Na unaitwa wa Mama.

Ndiyo.

Haya.

Waya akamwelekeza pa kubonyeza ili amkaribishe muuguzi. Mama alibonyeza pengine, akaomba radhi kwa tableti, akabonyeza panapotakiwa. Jina la muuguzi likatokea kutoka seva ya kliniki, nukta yake ya kijani. Mlango ulikuwa umefunguka. Dawa haingetolewa tena mara mbili, na hilo ndilo lililomleta Waya mezani mchana ule.

Sasa mzime kaka yako, aliandika Mama. Apumzike.

Maishani mwake Waya alikuwa amezima mashine zisizo na idadi. Aliandika amri ya kuzima kama anavyoiandika siku zote, na kidole kikakaa juu ya kitufe cha mwisho bila kushuka. Alikitazama kama kidole cha mtu mwingine. Kisha kikashuka. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama, na kwenye simu yake nukta iliyo mbele ya jina la Kaka ikawa ya kijivu.

"Imekubali?" aliuliza Skrini bila kuinua kichwa.

"Imekubali."

Simu ikatikisika mezani. Ilikuwa Shangazi, ujumbe wa maneno machache: amefika, Mama yuko salama, ameketi kitandani na miwani puani, anamfukuza asimzibe mwanga. Waya aliusoma mara mbili. Akaanza kukunja nyaya.

Alipofungua ukurasa kwa akaunti yake, kwa ajili ya kuhakikisha tu, aliona kishale cha Mama bado kinatembea. Kilikuwa chini kabisa, baada ya dawa na vipimo, mahali pasipokuwa na kitu. Mama alikuwa ameweka kichwa kipya cha habari, na alikuwa anajaza chini yake pole pole.

WAYA

Jumatatu. Mimi nitakaa naye baada ya chakula. Asije na kipimo.

Jumanne. Wifi ampigie simu, na akiambiwa shwari asikate.

Kishale cha Shangazi kikaruka katikati: Jumatano pia ni yangu. Kisha kikarudi kikaongeza: na Alhamisi, duka halitakimbia.

Ijumaa, aliandika Mama, nitamtolea picha kabatini tuzipange upya ukutani. Misumari apige yeye.

Waya alisoma akiwa amesimama, waya wa umeme umemzunguka kiganja. Alitaka kuandika kwamba haikuwa lazima. Alianza, akafuta, na kwa adabu ya nyumba ile hakuna aliyeliona. Ndipo kishale cha muuguzi kikasogea. Yeye alikuwa mgeni, hakujua lolote la nyumba ile, alikuwa amekaribishwa dakika hizohizo na alitaka kuanza kazi vizuri. Akauliza kama wauguzi wanavyouliza.

Samahani, naona kuna mgonjwa wa pili. Anasumbuliwa na nini?

Kishale cha Mama kikaja. Kidole kimoja, herufi moja moja, na safari hii hakufuta hata moja.

Amefiwa na kaka yake.

Siku zote zile, watu walikuwa wamempa Waya pole kana kwamba msiba ni wa mama yake peke yake. Walimwambia ajikaze, awe nguzo, mama anamtegemea. Hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo, kwa maneno manne ya kawaida, kwamba msiba ni wake. Aliyasoma na yakamuuma. Yalimuuma mahali fulani chini ya mbavu, maumivu halisi, na akashangaa kwamba pale mahali bado papo. Kaka alikuwa amekufa. Alikuwa kaka yake, na amekufa.

Skrini alisikia sauti ambayo hakuwa ameisikia chumbani mle tangu apange. Akaweka bisibisi chini, akaenda akageuza kibao cha mlangoni upande ulioandikwa TUMEFUNGA, akamwambia mteja aliyekuwa anaingia arudi kesho. Kisha akarudi akakaa kwenye kiti chake, akamwacha Waya alie.